Kujenga nyumba pacha: upande wa kuishi na upande wa kupangisha

Nyumba pacha ni nyumba mbili kamili ndani ya jengo moja, zinazogawana ukuta au sakafu. Wewe unakaa upande mmoja, mpangaji anakaa wa pili. Kiwanja ni kimoja, uzio ni mmoja, paa ni moja, na kodi inasaidia kurudisha gharama. Ubaya wake ni kwamba uzembe wa fundi utaishi nao ukuta kwa ukuta: televisheni ya jirani utaisikiliza bila kupenda, chemba ya maji taka ikiziba hamjui ni ya nani, na bili ya umeme ikija kubwa kila mtu anamtazama mwenzake.

Karibu matatizo yote hayo huzaliwa kwenye ramani, kabla tofali la kwanza halijalazwa. Rangi, vigae na milango utabadilisha wakati wowote. Ukuta wa kati, mabomba ya chini ya sakafu na njia za nyaya hutabadilisha mpaka ubomoe. Kwa hiyo mwongozo huu unapita haraka kwenye mambo ambayo nyumba yoyote inayo, na unatulia pale pande mbili zinapogusana.

Mahesabu yote hapa yanatumia mfano mmoja: jengo lisilo na ghorofa, urefu mita 18 na upana mita 8, likagawanywa katikati kupata nyumba mbili za mita 9 kwa 8. Vipimo vya msingi, nondo na zege ni vya kukuonyesha ukubwa wa kazi. Vya kujengea hutoka kwa mhandisi aliyeuona udongo wako.

Hatua ya 1: Kibali na hesabu

Omba kibali cha nyumba mbili tangu siku ya kwanza. Wapo wanaoomba kibali cha nyumba ya familia moja, kisha wanaigawa kimyakimya kwa kuziba mlango wa ndani. Inaonekana ni njia ya mkato, lakini unaweza kunyimwa mita ya pili ya umeme kwa sababu kwenye kumbukumbu kuna nyumba moja tu, na bima inaweza kukataa kulipa moto ukiunguza upande ambao kwa maandishi haupo.

Kabla ya kumlipa mchoraji, ulizia mamlaka ya ujenzi ya eneo lako: je, kiwanja hiki kinaruhusiwa kaya mbili? Jengo likae umbali gani kutoka mipakani? Kila kaya inadaiwa nafasi ngapi za gari? Maji taka yanaingia mfumo wa umma au unachimba shimo lako? Kama unakopa, mwulize mkopeshaji kama kuna sharti la wewe mwenyewe kuishi humo na kwa muda gani.

Jiulize pia kama siku moja utataka kuuza upande mmoja peke yake. Kama jibu ni "labda", jenga kama vile ni "ndiyo": ukuta wa kati ukae juu ya mstari ambao utakuwa mpaka, kila upande uwe na njia yake ya kufika barabarani, na bomba la upande mmoja lisipite chini ya sakafu ya mwingine. Mambo hayo matatu yanagharimu kidogo sana yakichorwa mapema, ila yakikosekana, kugawa hati kunaweza kukwama kabisa.

Kuhusu fedha, usihesabu kodi ya miezi 12. Hesabu ya miezi 10, kwa sababu mpangaji huhama, na kati ya anayetoka na anayeingia kuna kupaka rangi na kutafuta mtu. Toa humo kodi ya majengo, kodi ya mapato, bima na matengenezo. Kinachobaki ndicho cha kulinganisha na marejesho ya mkopo. Hesabu ikisimama kwa miezi 12 tu, punguza ukubwa wa jengo, usipunguze saruji. Tenga pia asilimia 10 hadi 15 ya gharama ya ujenzi kwa yasiyotarajiwa, na akiba hiyo isiguswe kununulia vigae vizuri zaidi.

Hatua ya 2: Bega kwa bega au juu na chini

Kiwanja kikiwa na upana wa kutosha, jenga bega kwa bega. Sauti ya ukutani inazuilika kwa uzito wa ukuta, jambo ambalo fundi wa kawaida analiweza. Sauti ya nyayo na kiti kinachoburutwa juu ya dari ni shida nyingine kabisa: inasafiri ndani ya zege lenyewe, na unene wa zege peke yake hauitulizi.

Kama kiwanja ni chembamba na lazima mmoja akae juu, fanya mambo mawili. Kwanza, vyumba vya kulala vya chini visikae chini ya sebule au jiko la juu. Pili, juu ya slabu (sakafu ya zege ya ghorofa) weka sakafu inayoelea: tandika mkeka wa mpira au povu gumu la kunyonya mtikisiko, kisha mwaga sakafu ya mchanga na saruji yenye unene wa milimita 65 juu yake. Pembeni zungushia utepe wa povu ili sakafu hiyo isiguse ukuta popote. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika. Fundi vigae anakata utepe, anajaza saruji kwenye ule mwanya, au anakandamiza kigae cha ukutani mpaka kikae juu ya kigae cha chini. Sehemu moja tu ikigusana, sauti imepata daraja na gharama yote ya mkeka imepotea.

Ngazi za nje zisiegemee ukuta wa chumba cha kulala. Pandisho liwe kati ya milimita 150 na 190, kanyagio isipungue 250, na mapandisho yote yalingane. Tofauti ndogo kwenye ngazi ya mwisho, mara nyingi kwa sababu vigae havikuhesabiwa wakati wa kumwaga zege, ndiyo inayoangusha watu.

Kuanzia hapa tunafuata nyumba ya bega kwa bega.

Hatua ya 3: Ramani

Kanuni ni fupi: kinachofanana kikae na mwenzake. Sebule ipakane na sebule, chumba cha kulala na chumba cha kulala. Ukiigeuza nusu ya pili kama taswira ya kioo, kanuni hiyo inajitimiza yenyewe. Bora zaidi ni kuweka kwenye ukuta wa kati vitu visivyo na watu: stoo, kabati za nguo, korido.

Mafundi bomba hupenda vyoo viwili vigawane ukuta wa kati kwa sababu mabomba yanakuwa mafupi. Wakatalie. Maji yakishuka kwenye bomba lililozikwa humo yanasikika pande zote mbili usiku kucha, na bomba likivuja itabidi uvunje kwa mpangaji ili utengeneze kwako. Peleka vyoo na majiko kwenye kuta za nje za mwisho wa jengo, au nyuma, ambako chemba inafikika bila kuingia kwa mtu.

Milango ya mbele itenganishwe, kila mmoja ukielekea kona yake. Simama kwenye karatasi ya ramani kama vile uko barazani kwako, uangalie: dirisha gani la mpangaji linakutazama? Fanya hivyo pia ukiwa upande wake. Uzio mfupi wa mita 2 hadi 3 unaotoka kwenye ukuta wa kati kuelekea uani unampa kila mtu sehemu yake ya kuanika nguo, na ni katika vitu vya bei ndogo vinavyoleta amani kubwa.

Chagua vifaa vya aina moja kwa pande zote mbili: bomba zilezile, vitasa vilevile, vigae vilevile, swichi zilezile. Ukiwa na bomba moja la akiba, umekinga nyumba mbili. Vigae nunua asilimia 10 zaidi, vyote vya toleo moja, kwa kuwa rangi ya toleo jingine haifanani hata jina likiwa lilelile.

Hatua ya 4: Udongo na kupima

Chimba mashimo ya majaribio yasiyopungua matatu: moja kila mwisho wa jengo na moja katikati, pale ukuta wa kati utakaposimama. Shimo lishuke kupita kina cha msingi unaotarajiwa. Jengo la mita 18 linaweza kukalia udongo mgumu upande mmoja na kifusi cha zamani upande mwingine, na hapo nusu moja hushuka kuliko nyingine. Ufa wake hutokea palepale kwenye ukuta wa kati. Udongo ukitofautiana, mhandisi ataamua ama kuimarisha msingi wote ama kuacha mwanya wa kutenganisha nusu mbili kuanzia msingi hadi paa.

Kona zipimwe kwa 3-4-5 (mita 3 kwenye kamba moja, 4 kwenye ya pili, na kati ya ncha hizo 5), kisha hakiki kwa mishazari, yaani mistari ya kona hadi kona. Kwa jengo la 18 kwa 8, kila mshazari uwe mita 19.70. Kwa kila nusu ya 9 kwa 8, mita 12.04. Mishazari miwili ikitofautiana zaidi ya sentimita 2, rudia kamba kabla ya kuchimba. Ukiipuuza, tofauti hiyo utaiona tena kwenye paa, ambapo bati haziwezi kunyooka.

Hatua ya 5: Msingi, mabomba ya chini na jamvi

Ukuta wa kati si kizigeu. Ukijengwa kwa tofali zito lisilo na matundu lenye upana wa milimita 225, una karibu kilo 450 kwa kila mita ya mraba, na lipu ya pande mbili inafikisha kilo 500. Ukipanda mpaka chini ya bati, mahali penye kimo cha mita 5 kila mita moja ya msingi inabeba tani mbili na nusu kabla ya paa. Kuusimamisha juu ya jamvi (zege la sakafu ya chini) la milimita 100, kama wanavyofanya kwa kuta za vyumba, ni kosa linaloonekana baada ya mwaka mmoja au miwili: jamvi linapasuka na ukuta unakaa chini. Uchimbie msingi wake, mpana kuliko wa kuta nyingine.

Tuseme mhandisi ametoa msingi wa upana wa milimita 600 na unene wa 200 kwa kuta za nje, na upana wa 750 kwa ukuta wa kati. Kuta za nje ni mita 52: zege mita za ujazo 6.2. Ukuta wa kati ni mita 8: ujazo 1.2. Jumla ni 7.4, bila kuta za ndani. Nondo tatu za milimita 12 zikipita urefu wote wa mita 60 ni mita 180, yaani vipande 15 vya mita 12. Ongeza maungio ya milimita 600 kila kipande kinapokutana na kingine, utahitaji 16, karibu kilo 170. Nondo zisilale ardhini. Ziinue kwa vipande vya zege vya milimita 50 vilivyotengenezwa mapema. Vipande vya mawe na matofali huhama zege likimwagwa.

Kwa zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mita moja ya ujazo hula takribani mifuko 6.4 ya saruji ya kilo 50, mchanga mita za ujazo 0.45 na kokoto 0.9. Jamvi la milimita 100 kwa jengo zima la mfano ni ujazo wa 14.4: mifuko 92, na ukiongeza kinachomwagika agiza 100, mchanga 6.5, kokoto 13. Usipime kwa koleo, maana koleo la asubuhi si koleo la saa tisa. Tengeneza sanduku la mbao lenye sentimita 40 kwa 35 kwa 25. Linachukua lita 35, sawa na mfuko mmoja wa saruji. Kila mfuko upate masanduku 2 ya mchanga, 4 ya kokoto na maji yasiyozidi lita 25, na yapungue kidogo kama mchanga umelowa. Mafundi wataomba maji zaidi ili zege liteleze. Maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na zege linabaki dhaifu. Likiwa gumu kufanya kazi, tumia mashine ya kutetemesha.

Kabla ya jamvi, laza mabomba ya maji taka. Bomba la milimita 100 lishuke milimita 25 kwa kila mita ikiwezekana, na isipungue 12.5. Kila upande uwe na chemba yake ya kwanza nje ya ukuta wake, na chemba nyingine kila bomba linapopinda. Njia mbili zikutane baada ya hapo tu. Zikiziba, chemba ya nani imejaa? Unafunua mifuniko miwili na jibu unalo. Jaza bomba maji, acha saa nzima, tazama kama kina kimeshuka, ndipo ufukie.

Kifusi kishindiliwe kwa matabaka ya milimita 150, kila tabaka likiloweshwa kidogo. Juu yake tandaza mchanga mwembamba, kisha karatasi nzito ya plastiki ya kuzuia unyevu, vipande vikipandana angalau milimita 150, na ikunjwe kupanda kwenye kuta. Usawa wa kizuia unyevu ukutani uwe milimita 150 juu ya ardhi ya nje. Jamvi likatwe kwenye ukuta wa kati: lisipite mfululizo kutoka nyumba moja kwenda nyingine, kwa sababu mshindo wa upande mmoja utapita nalo.

Zege limwagiliwe siku 7 bila kukosa. Nguvu yake ya kupimia hufikiwa siku ya 28.

Hatua ya 6: Ukuta wa kati

Hapa ndipo uweke pesa na macho yako. Sauti ya kuongea, redio na mtoto anayelia huzuiwa na uzito, na kuongeza uzito wa ukuta mara mbili hupunguza sauti kwa takribani desibeli 5 hadi 6. Tofali lenye matundu ni jepesi, na matundu yake ni vyumba vidogo vya mwangwi. Kwa kuta nyingine halina neno. Kwa huu, hapana.

Kuna njia mbili nzuri. Ya kwanza ni ukuta mmoja wa tofali zito la milimita 225, lipu pande zote mbili. Ya pili ni kuta mbili za milimita 150, zikiwa zimeachana milimita 50 hadi 75, kila moja ikiwa na lipu upande wake. Ya pili huzuia sauti vizuri zaidi, lakini kwa sharti kwamba mwanya ubaki mtupu. Udongo wa saruji (mchanganyiko wa kujengea) unaodondoka ndani hujenga madaraja madogo yanayounganisha kuta mbili. Fundi aweke ubao mwembamba ndani ya mwanya, aupandishe kila baada ya mistari michache na kuufuta. Kama huna fundi wa kusimamia hilo kila siku, chukua njia ya kwanza. Ukuta mmoja mzito uliojengwa vizuri unaushinda ukuta wa mwanya uliojengwa ovyo.

Hesabu ya tofali: ukuta wa kati una urefu wa mita 8. Hadi kimo cha mita 3 ni mita za mraba 24. Kama mgongo wa paa unafuata urefu wa jengo na unapanda mita 2, pembetatu ya juu inaongeza 8. Jumla 32. Tofali lenye uso wa milimita 450 kwa 225 huingia 10 kwa kila mita ya mraba pamoja na yanayovunjika, yaani 320. Kwa kuta mbili, 640.

Wakati wa kujenga, simamia haya:

- Mishono ya wima ijazwe udongo wa saruji yote, si midomo tu. Mshono mtupu ni tundu, na tundu dogo linapitisha sauti nyingi kuliko tofali zima.
- Kona ambapo ukuta wa kati unakutana na ukuta wa nje zifumwe kwa meno ya matofali, kazi ikipanda pamoja. Ukiachwa ujengwe mwishoni na kugandishwa kwa saruji, utapata ufa wa wima na utapitisha sauti.
- Hakuna soketi, bomba, mfereji wa nyaya wala sanduku la mita ndani ya ukuta huu. Soketi mbili zinazopeana mgongo ni dirisha la sauti. Kama televisheni lazima ikae hapo, leta waya kutoka sakafuni kwa bomba la juu ya lipu.
- Lipu ipandishwe mpaka chini ya bati kabla dari haijafungwa. Fundi akifunga dari kwanza, sehemu ya juu inabaki tofali tupu na hutaiona tena.

Mkanda wa zege wa juu ya madirisha upite pia juu ya ukuta wa kati, nondo zake zikifungwa na za nje kwenye makutano.

Hatua ya 7: Paa

Ukuta wa kati usiishie darini. Ukiishia hapo, nafasi ya juu inakuwa chumba kimoja: sauti inapanda upande mmoja na kushuka wa pili, mwizi anatambaa kutoka nyumba hadi nyumba, na moto unaenea juu ya vichwa vya watu waliolala. Upandishe mpaka ukaribie bati. Hakuna papi (mbao ndogo za kupigilia bati) wala mbao nyingine itakayotoboa ukuta na kuendelea upande wa pili, kwa kuwa mbao inayowaka inabeba moto kupita ukuta wowote. Kila nusu iwe na kenchi zake (fremu za mbao zinazobeba paa), ya mwisho ikisimama pembeni mwa ukuta. Mwanya unaobaki kati ya kichwa cha ukuta na bati ujazwe sufi ya madini isiyoungua, siyo povu la kawaida la kujazia.

Kila nusu iwe na mfereji na bomba lake la maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 144 ni lita 2,880. Yapeleke mbali na msingi, au yakusanye.

Hatua ya 8: Umeme

Mita mbili, swichi kuu mbili, bodi mbili. Usikubali mpango wa mita moja na kugawana bili. Hata watu wawili waaminifu watagombana, kwa sababu mmoja ana pasi na mwingine ana hita. Mita zikae nje, mahali ambapo msomaji anafika bila kugonga mlango.

Kwa kawaida taa hutumia waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, jiko la umeme 6, kila mzunguko na breka yake, pamoja na kifaa cha kukata umeme unapovuja kwa miliampia 30. Ukubwa wa breka ufuate kanuni za umeme za nchi yako. Taa ya geti, taa za nje na pampu ya maji viingie kwenye mita yako wewe mwenye nyumba, na liandikwe kwenye mkataba.

Kazi ikiisha fanya jaribio hili kabla ya kumlipa fundi. Zima swichi kuu ya upande wako. Zunguka nyumba ya mpangaji, washa kila taa, chomeka kifaa kwenye kila soketi. Vyote viwake. Rudi kwako: kisiwake hata kimoja. Kisha geuza. Waya mmoja uliokosea njia darini ni jambo la kawaida, na usipoukamata leo utalipia taa ya mtu kwa miaka, au utamtoa mtu uhai kwa kudhani umeme umezimwa.

Hatua ya 9: Maji safi

Mita ndogo kwa kila upande na koki kuu yake, hata kama mamlaka ya maji inatoa mita moja tu. Fanya jaribio lilelile la umeme kwa kufunga koki. Tangi nalo liwe la kila upande kama nafasi ipo. Lita 1,000 za maji ni tani moja, kwa hiyo mnara wake uwe na msingi na mchoro, usiegemee ukuta wa kati. Kumbuka pia kwamba mita 10 za kimo hutoa bari 1 tu ya msukumo. Tangi lililo mita 3 juu ya bomba la mvua la bafuni linatoa 0.3.

Kabla ya lipu, jaza mabomba na uyapandishe msukumo mara moja na nusu ya ule wa matumizi, uangalie geji kwa saa moja. Kisha piga picha kila ukuta, futi ya kupimia ikionekana. Miaka mitano baadaye, picha hizo zitakuonyesha pa kutoboa na pa kuacha.

Hatua ya 10: Maji taka yasiyo na mfumo wa umma

Kaya mbili zinaweza kutumia tangi moja la septiki kama hutagawa hati. Kanuni ya zamani inayotumika bado ni lita 180 mara idadi ya watu, ongeza 2,000. Watu 10: lita 3,800. Hesabu vitanda ambavyo nyumba inaweza kubeba, si watu waliopo leo. Tangi liwe na vyumba viwili, cha kwanza kikichukua theluthi mbili, na mifuniko ikae mahali gari la kunyonya linafika.

Udongo wa kunywea maji upime hivi: chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina cha sentimita 30 chini ya usawa wa bomba litakalotoa maji. Lijaze, liache usiku kucha. Kesho lijaze tena, upime sekunde ambazo maji yanachukua kushuka kutoka robo tatu hadi robo moja, yaani milimita 150. Gawanya sekunde kwa 150. Dakika 50 ni sekunde 3,000, jibu ni 20. Kati ya 12 na 100 udongo unafaa. Chini ya 12 maji yanapita kabla hayajasafishwa. Zaidi ya 100 hayanyweki, na yatarudi uani kwako na kwa mpangaji. Rudia mara tatu, sehemu mbili tofauti. Kisima kikae mbali, mita 30 au zaidi, na upande wa juu wa mteremko.

Hatua ya 11: Upande gani uishe kwanza

Pesa ikiwa haitoshi, msingi, kuta, paa, chemba na njia za umeme zifanywe kwa pande zote mbili kwa pamoja. Kujenga nusu moja na kuunganisha nyingine baadaye huleta ufa kwenye maungio, kwa kuwa nusu ya zamani imeshamaliza kushuka na mpya inaanza. Kinachoweza kusubiri ni vigae, dari, milango ya ndani na rangi.

Upande wa kuanza unaamuliwa na namba mbili. Kama kodi unayolipa unakoishi sasa ni kubwa kuliko kodi ambayo upande mmoja utaingiza, hamia wewe kwanza. Kama ni ndogo, maliza wa mpangaji. Ila usimwingize mpangaji kabla upande wako haujamaliza kazi za kugonga na kukata, au basi mpunguzie kodi kwa maandishi mpaka tarehe maalumu.

Bafu likiwa limepakwa kizuia maji na kabla ya vigae, ziba tundu la sakafuni, jaza maji kina cha milimita 25, acha saa 24. Sakafu yake ishuke milimita 10 hadi 20 kwa kila mita kuelekea tundu. Mwaga ndoo na uangalie maji yanaelekea wapi.

Hatua ya 12: Kabla ya funguo

Weka redio upande wa mpangaji kwa sauti ya kawaida ya sebuleni, funga milango, nenda kwako usikilize ukiwa kitandani. Ukisikia maneno, tafuta tundu: kichwa cha ukuta juu ya dari, kona, pembezoni mwa sakafu. Kujaza tundu kunasaidia kuliko kuongeza tabaka jipya la ukuta.

Mkataba utaje nani anasafisha mifereji, nani ananyonya tangi na kwa mgawo gani, gari la nani linakaa wapi, saa za utulivu, na taarifa ya muda gani unampa mpangaji kabla ya kuingia kwake. Kukaa jirani kunamfanya mwenye nyumba asahau kwamba ule mlango si wake tena. Siku ya kukabidhi, tembeeni pamoja chumba kwa chumba, mpige picha, mwandike namba za mita zote mbili, na kila mmoja atie saini nakala yake. Badilisha vitasa vya nje mbele yake, maana wakati wa ujenzi funguo zile zilipita mikononi mwa mafundi wengi.